Android ao iPhone? Namna ya kuchagua simu kwa mtu asiyeona, na kazi inayobaki kwa watengenezaji wa programu

Ukiingia kwenye duka la simu mu Kolwezi, muuzishaji atakuonyesha kamera, ukubwa wa kioo na rangi. Kwa mtu asiyeona, hayo matatu hayamwelezi kitu. Yeye anauliza jambo lingine: hii simu itanisomea kilichoandikwa? Na nitaweza kuitumia mwenyewe, bila kumpa mtoto ao mtu wa kabini namba yangu ya siri?

Hapa tumekusanya yale ambayo mtu asiyeona, ao ndugu anayemtafutia simu, anapaswa kujua mbele ya kutoa makuta. Sehemu ya mwisho ni ya vijana wetu wanaotengeneza programu za simu, juu hata simu nzuri namna gani inanyamaza pale programu imetengenezwa vibaya.

Jibu fupi kwa mwenye haraka

Android na iPhone zote mbili zinaweza kusoma kwa sauti, na ile sauti hailipiwi. iPhone iko sawasawa kila mahali: ukijua moja, umejua zote. Lakini bei yake iko juu, na Kiswahili kinaipa taabu. Android iko na bei ya kila mfuko na inasema Kiswahili, lakini kuna Android na Android. Ile ya bei ya chini kabisa inaweza kuchelewa kujibu mpaka mtu anachoka na kuiacha. Kwa watu wengi wa kwetu, Android ya katikati, iliyojaribiwa mbele ya kulipwa, njo chaguo la akili. Kwa mwenye uwezo, anayesoma zaidi Kifaransa, iPhone ni chombo cha kuaminika.

Kidole kinatafuta, sikio linasoma

Watu wengi wasioona walizijua simu za zamani za butoni kwa kidole. Juu ya 5 kuna kipele kidogo, na kutoka hapo unahesabu namba zingine zote: 2 iko juu, 8 iko chini, 4 na 6 ziko pembeni. Pale simu za kioo laini zilipoingia, hicho kipele kiliondoka, na wengi walifikiri kwamba simu ya kioo haiwezi kuwa ya kipofu.

Kilichobadilisha mambo ni programu ya kusoma kioo. Inafanya hivi: ukipitisha kidole juu ya kioo, simu inasema jina la kitu kilicho chini ya kidole, lakini haikifungui. Ukitaka kukifungua, unagonga mara 2 haraka, mahali popote pa kioo. Ukitelezesha kidole kwa mkono wa kuume, simu inaenda kwenye kitu kinachofuata. Ukitelezesha kwa mkono wa kushoto, inarudi nyuma. Kwa hiyo hakuna lazima ya kujua kitu kiko mahali gani. Mtu anavipitia kimoja kimoja, sawa vile mtu anapitisha shanga za rozari.

Kwenye iPhone hiyo programu inaitwa VoiceOver. Iliingia mwaka 2009 na iPhone 3GS. Mbele ya hapo, mtu aliyetaka simu inayosema alinunua Nokia ya Symbian, kisha alilipa tena programu sawa Talks ao Mobile Speak, na bei yake haikuwa ndogo. Jambo jipya la 2009 ni kwamba sauti ilikuwa ndani ya simu, bila kuongeza hata falanga moja.

Mwaka huohuo Google ilitoa TalkBack kwa simu za Android. Mmoja wa wataalamu walioongoza kazi hiyo ni T. V. Raman, ambaye yeye mwenyewe haone. TalkBack ilianza kwa kuchechemea. Ni na Android 4.1, mwaka 2012, njo mtu aliweza kutelezesha kidole kutoka kitu kimoja mpaka kingine kama kwenye iPhone. Miaka mingi watu walisema: "Android haifai kwa vipofu." Maneno hayo yalikuwa na ukweli zamani. Leo hayana tena, lakini wako watu ambao bado wanayarudilia.

iPhone: uzuri wake na taabu zake

Uzuri wa kwanza ni usawa. VoiceOver ya iPhone ya rafiki yako mu Lubumbashi inafanya kazi sawa na yako. Akikufundisha kwa simu namna ya kupitisha vidole, unafanya hivyo hivyo na inakubali. Apple ikitoa toleo jipya, linafika kwenye simu zote zinazolikubali kwa wakati mmoja.

Uzuri wa pili ni kwamba VoiceOver inajaribu kusaidia hata pale mtengenezaji wa programu alilala. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020, aina nyingi za iPhone zinaweza kutazama picha ya kioo na kukisia: hapa kuna butoni, hapa kuna maandishi. Haipati kila mara, lakini inaweza kumtoa mtu kwenye shimo.

Uzuri wa tatu ni kwa wale waliojifunza Braille shuleni. Tangu iOS 8 ya mwaka 2014, mtu anaweza kuandika nukta za Braille juu ya kioo chenyewe kwa vidole 6. TalkBack ilipata kitu kama hicho mwaka 2020.

Taabu ya kwanza ni bei. iPhone mpya moja inaweza kulipia Android za katikati kadhaa, na kwetu wengi wananunua iliyotumika. Hapo kuna mtego: iPhone iliyofungwa bado na akonti ya mwenye kuwa nayo mbele yako. Ukiifuta upate kuianza upya, itakuomba neno la siri la yule mtu, na bila hilo ni jiwe tu mkononi. Mtu asiyeona ni rahisi kudanganywa hapa, juu haone maandishi yanayotokea. Mwambie muuzishaji aifute na aianzishe upya mbele yako, na VoiceOver ikiwaka tangu ukurasa wa kwanza.

Taabu ya pili ni umri. Simu ya zamani haipokei tena iOS mpya, na kidogo kidogo programu zinaikataa. iPhone 8, kwa mfano, iliishia iOS 16. Kwa anayependa butoni ya kweli ya kufinya chini ya kioo, iPhone SE za mwaka 2020 na 2022 bado ziko nayo, na kidole chako njo kinaifungua. iPhone zenye kufunguliwa kwa uso pia zinaweza kutumiwa na mtu asiyeona, lakini zinaomba mazoezi ya kuishika mbele ya uso kwa umbali unaofaa.

Taabu ya tatu ni lugha. Hiyo tutaisema peke yake chini.

Android: uzuri wake na taabu zake

Simu nyingi mikononi mwa watu wa Musonoi ni Android: Tecno, Itel na Infinix, ambazo zote 3 ni za kampuni moja ya China, Transsion, kisha Samsung na zingine. Hapo njo uzuri wa kwanza: bei, na fundi wa kuitengeneza anapatikana karibu. Uzuri wa pili ni kwamba TalkBack inaweza kupokea toleo jipya kupitia Play Store, bila kungojea kampuni iliyotengeneza simu. Uzuri wa tatu, faili la programu linaweza kutoka simu mpaka simu kwa Bluetooth, bila kula mega. Kwa iPhone hiyo njia haiko.

Taabu kubwa ni kwamba kila kampuni inapamba Android kwa namna yake. Njia ya kufika kwenye TalkBack ndani ya Tecno si ile ya Samsung. Samsung ilikuwa hata na programu yake yenyewe ya kusoma, kisha iliiunganisha na TalkBack. Kwenye simu zingine za bei ya chini, TalkBack haiko ndani. Inabidi kuishusha kwenye Play Store chini ya jina Android Accessibility Suite. Na vidole vingi kwa mara moja, sawa kugonga na vidole 2 ao 3, vinakubaliwa na TalkBack tangu toleo lake la 9.1 la mwaka 2021, lakini simu za zamani zinabaki na mistari ya kona: chini halafu kuume, juu halafu kushoto. Kwa hiyo mafundisho ya mtu mmoja hayafai kila mara kwa simu ya mwingine.

Taabu nyingine ni uzito. TalkBack inaomba nguvu ya simu wakati wote. Simu yenye RAM ya giga 1 ao 2 inasema neno nyuma ya kidole: wewe umefika kwenye "Tuma", yenyewe bado inataja "Rudi". Mtu anagonga akifikiri iko hapa, kumbe iko pale. Tafuta giga 3 ao 4 kwenda juu.

Jambo moja la kukumbuka pale unasoma ushauri unaotoka mbali. Shirika la Marekani linaloitwa WebAIM linauliza mara kwa mara watumiaji wa programu za kusoma kioo, na karibu watu 7 kwa 10 wanajibu kwamba wanatumia iPhone. Lakini wengi wa wanaojibu wanakaa Amerika Kaskazini na Ulaya, wanakosema Kiingereza ao lugha zingine ambazo iPhone inazijua vizuri. Ushauri wao ni wa kweli kwao. Haufuati kwamba ni wa kweli kwa mama wa Musonoi ambaye ujumbe wake wote wa WhatsApp uko katika Kiswahili.

Sauti inasema lugha gani?

Kusoma kwa sauti kunafuata kanuni za lugha moja. Ukiweka sauti ya Kifaransa na kumpa ujumbe wa Kiswahili, itausoma kama Kifaransa. Neno "kumi" litatoka na "u" ile ya Kifaransa ya "sucre". "Pesa" itakuwa "peza", juu Kifaransa kinageuza "s" iliyo kati ya vokali. "Pole" itapoteza mwisho wake na kubaki "pol". "Moja" itapata "j" ya "jour". Sikio linazoea kidogo, lakini pale ujumbe unasema hesabu ya makuta, kuzoea kidogo hakutoshi.

Android iko mbele hapa. Sauti za Google ziko na Kiswahili. Unaishusha mara moja pale kuna wifi, kisha inafanya kazi hata bila intaneti. Iko pia eSpeak NG, programu ya bure na ndogo sana, yenye Kiswahili ndani. Sauti yake ni kavu sawa ya roboti, lakini inajibu haraka, na simu dhaifu inaiweza vizuri kuliko zingine.

Apple, kwa miaka mingi, haikuweka Kiswahili kati ya sauti zake. Mlango ulifunguka na iOS 16 ya mwaka 2022, pale ilikubali sauti zinazotoka kwenye programu za wengine, na eSpeak NG ni moja ya zile zinazopatikana. Mwenye iPhone anaweza kuweka Kifaransa cha Apple kwa mambo ya kazi na eSpeak kwa ujumbe wa nyumbani.

Juu tunaongea lugha 2 kwa pumzi moja, jifunze mapema namna ya kubadilisha sauti bila kutoka kwenye ukurasa. Kwenye iPhone unazungusha vidole 2 juu ya kioo kama mtu anafungua kifuniko cha chupa, mpaka usikie neno la lugha. Kwenye TalkBack lugha iko kati ya vidhibiti vya kusoma. Ukishazoea, ni kazi ya sekunde 2.

Kuandika kwa kusema kunafuata njia hiyohiyo. Google iliingiza Kiswahili mwaka 2017, cha Kenya na cha Tanzania. Kwa Kiswahili chetu cha Lualaba, kilichochanganyika na Kifaransa, itakosea mara mingi. Sema polepole, na usikilize ilichoandika mbele ya kutuma.

Makuta ndani ya simu

Hapa njo shida yenyewe iko. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money: mshahara, karo ya watoto, matumizi ya nyumbani, vyote vinapita mule. Mtu asiyeona ambaye simu yake haisemi analazimika kumtajia mwingine namba ya siri. Kila mara anatuma, kuna mtu wa pili anayejua namba na anayejua amebaki na ngapi. Mara nyingi huyo mtu ni mwaminifu. Lakini hata pale ni mwaminifu, mwenye makuta amekuwa mgeni ndani ya mfuko wake.

Kuna njia 2 za kutuma. Ya kwanza ni ile ya kupiga kode yenye nyota na alama ya reli. TalkBack na VoiceOver zinasoma dirisha linalotokea, na njia hii haiombi mega. Taabu yake ni saa: ukikawia kujibu, dirisha linafungwa, na mtu asiyeona anakawia juu anasikiliza orodha mzima mbele ya kuchagua. Dawa yake ni kuongeza mwendo wa sauti kidogo kidogo na kukariri namba za orodha: ya kutuma ni ngapi, ya kuangalia salio ni ngapi. Aliyekariri hangojei sauti imalize.

Njia ya pili ni programu ya kampuni yenyewe. Haikufungii haraka hivyo, na historia ya makuta yako inasomeka vizuri, mradi programu imeandikwa vizuri. Kama inasema tu "butoni, butoni, butoni", rudi kwenye kode.

Kwa njia zote 2, vaa visikilizio vya masikio pale unaandika namba ya siri. Simu inaweza kutaja namba kwa sauti, na kwenye foleni ya kabini masikio ni mengi. Funga kioo pia. Kwenye iPhone, kugonga mara 3 kwa vidole 3 kunazima picha yote huku VoiceOver inaendelea kusema. TalkBack iko na chaguo la kuficha kioo ndani ya menyu yake. Anayetazama juu ya bega lako ataona giza tu. Faida nyingine: kioo kilichozimwa kinakula batri kidogo, na kwa siku ambazo umeme unakatwa, hilo si jambo dogo. Tuseme tu kwamba kobalti ya batri nyingi za dunia inatoka kwetu. Kuitunza ile iliyorudi mkononi mwetu ni haki yetu.

Dola ya karatasi

Kwetu dola za Marekani zinatembea pamoja na falanga, na dola iko na ubaya mmoja kwa mtu asiyeona: ya 1 na ya 100 ziko na ukubwa uleule. Hata Marekani kwenyewe vipofu walishitaki, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa iliwapa haki juu ya jambo hilo.

Simu inasaidia. Lookout ya Google, kwa Android, na Seeing AI ya Microsoft, iliyoanza kwenye iPhone mwaka 2017 na kufika Android mwishoni mwa 2023, zinatambua dola kwa kamera na kuitaja. Be My Eyes, iliyoanzia Denmark mwaka 2015, inakuunganisha kwa video na mtu anayeona, popote duniani, akuambie kilicho mbele yako. Ile inakula mega. Angalisho: programu hizi zinataja thamani, hazisemi kama noti ni ya uongo, na hazijui kwamba kwetu dola yenye kupasuka kidogo inakataliwa sokoni. Pitisha kidole kwenye kingo za noti mbele ya kuipokea.

Kwa wanaoona kidogo

Si kila mwenye taabu ya macho haone kabisa. Anayeona kidogo anaweza kuanza na maandishi makubwa, rangi nyeupe juu ya nyeusi, na ukuzaji wa kioo, ambao uko kwenye Android na kwenye iPhone. Lakini kama macho yanapungua mwaka kwa mwaka, afazali ajifunze TalkBack ao VoiceOver mapema, wakati bado anaona kidogo vidole vyake vinakwenda wapi. Na aende kwa muganga wa macho: mtoto wa jicho, kwa mfano, unapasuliwa, na simu haishiki nafasi ya muganga.

Mbele ya kulipa: mambo 7 ya kujaribu dukani

1. Washa sauti palepale. Android nyingi: finya butoni zote 2 za sauti kwa sekunde 3. iPhone: finya butoni ya pembeni mara 3, ao ile ya chini kama iko nayo, isipokubali, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu.
2. Telezesha kidole haraka mara 10. Sauti inafuata kidole, ao inabaki nyuma?
3. Uliza RAM. Chini ya giga 3, fikiri mara 2.
4. Tafuta kwa kidole mahali pa kufungulia. Kile cha pembeni ao cha mgongoni kinashikika. Kile kilicho chini ya kioo hakina alama.
5. Chomeka visikilizio vyako. Kama simu haina tundu lake, hesabu bei ya vile vya Bluetooth.
6. Kwa simu iliyotumika, ifutwe na ianzishwe upya mbele yako.
7. Tuma makuta kidogo kwa ndugu, kwa sauti peke yake. Ukifaulu dukani, utafaulu nyumbani.

Muuzishaji akikataa majaribio haya, duka lingine liko.

Kwa vijana wanaotengeneza programu

Sasa tunaongea na nyinyi mnaotengeneza programu za shule, za maduka, za kupeleka vitu, za kanisa. Mtu asiyeona anaweza kulipa simu nzuri, kujifunza miezi 3, kisha kukutana na programu yenu na kusimama hapo.

Kwanza, mutengenezee simu gani? Kwa hapa kwetu jibu ni Android, juu watumiaji wako huko, na gharama ni ndogo: Google inaomba dola 25 mara moja tu kwa akonti ya mtengenezaji, pale Apple inaomba dola 99 kila mwaka, na kwa kawaida mutahitaji kompyuta ya Mac. Ukitumia Flutter ao React Native unaweza kulenga zote 2. Lakini uangalie: Flutter inachora kioo yenyewe. Ukichora kitu kwa mkono bila kukipa maana, TalkBack haitaona kitu chochote pale.

Kisha yafuatayo, ambayo hayaombi makuta, yanaomba uangalifu tu:

Toa jina kwa kila butoni ya picha. Kwenye Android ni contentDescription, kwenye iPhone ni accessibilityLabel, kwenye Flutter ni Semantics. Jina liseme kazi: "Tuma makuta", si "picha 2". Na usiandike neno "butoni" ndani ya jina. Simu inaliongeza yenyewe.

Fuata mpango wa kusoma. Telezesha kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kama simu inataja "Kubali" mbele ya kutaja hesabu inayokubaliwa, umemtega mtu.

Panua mahali pa kugusa. Google inaomba dp 48, karibu milimita 9. Apple inaomba pointi 44.

Usiseme kwa rangi peke yake. "Nyekundu ni kosa" haisikiki. Andika "Namba hii si sahihi", na uhakikishe inatajwa palepale inapotokea.

Usichezeshe namba ya siri. Kibodi inayochanganya namba kila mara, na namba zenyewe ni picha zisizo na jina, inamfungia nje kipofu. Mwizi atapata njia nyingine.

Toa muda. Kama ukurasa unafungwa kwa dakika 1, toa nafasi ya kuomba nyingine.

Sema lugha ya maandishi yako. Kode ya Kiswahili ni "sw", na ya Kongo iko: "sw-CD". Usipoitaja, simu itasoma Kiswahili chako kwa sauti ya Kifaransa, na tumeshasema "pesa" inakuwa nini.

Mbele ya kutoa programu, ipitishe kwenye Accessibility Scanner ya Google, ambayo ni ya bure, kisha washa TalkBack, ficha kioo na ujaribu mwenyewe kumaliza kazi moja. Halafu muite mtu asiyeona ajaribu, na umlipe sawa unavyomlipa mfanyakazi mwingine. Yeye atapata kwa nusu saa yale ambayo wewe hutayapata kwa mwezi. Anayetaka kanuni kamili asome WCAG 2.2, iliyotolewa Oktoba 2023.

Sheria inasema nini

Hii si sadaka. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kulingana na mahitaji yake. Mwaka 2015 Kongo iliingia kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja waziwazi teknolojia ya habari na mawasiliano. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria ya organiki namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu.

Majirani wamesogea mbele kidogo. Mu Nairobi shirika inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika mwaka 2009, lilianza na kompyuta kwenye shule ya vipofu ya Thika, na mwaka 2022 Kenya ilipata kanuni ya kitaifa, KS 2952, juu ya teknolojia inayofikiwa na wote. Kanuni sawa hiyo inampa mtu neno la kushika mkononi pale anaenda kulalamika kwa benki ao kampuni ya simu.

Kwa sasa, ukikutana na programu isiyosema, andikia walioitengeneza kwenye Play Store ao App Store, na utaje butoni gani iko kimya, kwenye ukurasa gani. Lalamiko la "haifanyi kazi" linapita bila jibu. Lile linalotaja butoni moja, mtengenezaji anaweza kuitafuta na kuitengeneza siku hiyohiyo.